Bima ya bodaboda: ndogo au kubwa? Na kijana akivunjika mguu nani analipa?

#1 Mzee wa Chanika
Habari wakuu. Nataka kuingiza pikipiki mbili barabarani, Boxer 150 zote mbili. Moja naichukulia mtoto wa shemeji yangu kwa mkataba (analeta hesabu kila siku, mkataba ukiisha pikipiki inakuwa yake), nyingine nampa jirani ambaye siku zote anaendesha deiwaka (za kushika kwa siku) za watu. Nimepita kwa mawakala wa bima Kariakoo kila mmoja ana lake. Wa kwanza kasema chukua bima ndogo tu, bodaboda wote wanachukua hiyo, trafiki hatakusumbua. Wa pili kasema bima ndogo ni stika ya kumwonyesha trafiki, hela yako weka kwenye bima kubwa, inayokinga na pikipiki yenyewe. Wa tatu kaniuliza hii ni ya binafsi au biashara, nikamwambia biashara, akasema basi tuandike binafsi itakuwa nafuu. Hapo nikaaga.

Mimi trafiki sio tatizo langu. Naomba mnisaidie haya: kijana akigongwa akavunjika mguu nani analipa hospitali? Abiria wake akiumia? Pikipiki ikiibiwa? Wenye uzoefu karibuni, na wenye nadharia pia karibuni ila mseme ni nadharia.

#2 Chuma ya Mbagala
Mzee shikamoo. Chukua ndogo, hiyo kubwa ni kuwatajirisha watu. Mi niko barabarani miaka yote na ndogo, nikigongwa wananilipa na nikigonga wananilipia. Kubwa ni za magari ya maboss.

#3 DadaBima
@Chuma ya Mbagala hapo umechanganya kaka yangu na wengi sana wanachanganya hivyohivyo. Nafanya kazi ya bima (sitataja wapi). Bima ndogo, yaani hiyo thadi pati, haikulipi wewe. Inamlipa mtu wa tatu, yule uliyemgonga wewe. Ukianguka mwenyewe kwenye mchanga pale Kongowe ukavunjika, bima yako ndogo haina habari na wewe, mguu ni wako na pikipiki ni yako.

Na ukigongwa na gari, anayekulipa ni bima ya HILO GARI, maana kwa huyo mwenye gari wewe ndo mtu wa tatu. Bima yako haihusiki. Sasa kama huyo mwenye gari hana bima au kakimbia, ndo umebaki hivyo.

#4 Chuma ya Mbagala
Sawa dada lakini matokeo si ni yaleyale, nimegongwa nimelipwa 😀

#5 DadaBima
Sio yaleyale! Kama unadhani ni bima yako, ukigongwa utakimbilia kampuni yako badala ya kushika namba ya gari. Wakijakujibu kwamba hawahusiki, mwenye gari yuko Morogoro.

#6 Ngosha wa Igoma
Mwanza hapa. Bima ni lazima kisheria, Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto Sura ya 169, huwezi kupeleka chombo barabarani bila angalau hiyo ndogo. Kwahiyo swali la mzee sio achukue au asichukue, swali ni aongeze nini juu yake.

#7 Kaka Wa Kijiwe
Wakuu tuwe wakweli. Kijiweni kwetu nusu hawana bima yoyote. Bajeti ya 2021 ilishusha faini ya bodaboda na bajaji kutoka 30,000 mpaka 10,000 kwa kosa, watu wakapiga hesabu wakaona bora faini. Sisemi ni sawa, nasema ndo ilivyo.

#8 Ngosha wa Igoma
@Kaka Wa Kijiwe hiyo hesabu imekosewa tangu mwanzo. Faini ukilipa leo haikupi ruhusa ya kesho, kesho unakamatwa tena na kosa ni lilelile. Halafu faini ni kitu kidogo. Mgonge mtoto wa mtu avuke barabara uone, unadaiwa wewe na mwenye kadi ya pikipiki maisha yenu yote.

#9 Wakili Mtoro
Naongezea kwa #8. Mzee wa Chanika, kwa kuwa pikipiki ziko kwa jina lako mpaka mkataba uishe, wewe ndo mmiliki. Kijana akimgonga mtu na ikaonekana ni uzembe wake, anayefungua kesi atawashtaki wote wawili, na wengi wanamfuata mwenye mali maana kijana hana cha kukamatwa. Mkataba wenu wa hesabu ya kila siku hauondoi hilo hata mkiandika kwa mwenyekiti wa mtaa kwamba "ajali zote juu ya dereva". Hayo ni makubaliano yenu wawili, aliyegongwa hayamfungi.

#10 Mama Tunu
Mh. Kwahiyo ile karatasi ya serikali ya mtaa tunayoandikishana haina kazi? Mi ninazo tatu ziko barabarani Gongo la Mboto.

#11 Wakili Mtoro
Ina kazi mama, kwenye hesabu na kwenye kukabidhiana kadi mkimaliza. Kwenye fidia ya aliyegongwa ndo haikulindi. Unaweza kumgeukia kijana baadaye akurudishie, ila kumpata na kupata hela kwake ni habari nyingine.

#12 Boda_Mwenge
Naomba niseme kuhusu hilo la DadaBima la namba ya gari maana hapa ndo vijana wanaumia na hawajui.

Binamu yangu aligongwa na Noah maeneo ya Mwenge, akaangushwa na abiria wake. Dereva wa Noah mtu mstaarabu kabisa, kashuka, kampa pole, kampeleka zahanati akafungwa bandeji, kampa na laki na nusu. Wakaandikishana karatasi "tumemalizana, hakuna anayemdai mwenzake". Polisi hawakuitwa. Baada ya hapo mguu ukaanza kuvimba, kwenda kupigwa picha mfupa umepasuka chini ya goti, akapelekwa MOI, hospitali ya mifupa Muhimbili, akawekewa chuma. Bili yake ukoo mzima tulichanga. Tulipotafuta yule wa Noah simu anapokea vizuri tu, anasema ndugu yangu si tulimalizana? Na kweli karatasi ina sahihi ya binamu. Kampuni ya bima ya ile Noah haikuwahi hata kujua kuna ajali.

Yaani gari lilikuwa na bima halali, ile bima ipo kwa ajili ya mtu kama yeye, na hela ikabaki hukohuko kwa sababu ya karatasi moja.

#13 Mzee wa Chanika
Marahaba @Chuma. @Boda_Mwenge pole sana. Sasa angetakiwa afanyeje pale pale?

#14 DadaBima
Pole kwa binamu. Mzee, waambie vijana wako hivi, na wakariri:

Kwanza picha ya namba ya gari, hata kama dereva ni mpole kama malaika. Simu yako haina chaji, kuna abiria, kuna wapita njia, mmoja apige. Ukishapata namba unaingia kwenye mfumo wa TIRA (mamlaka ya bima) unaitwa TIRAMIS, uko mtandaoni, unaweka namba ya gari unaona kama lina bima, kampuni gani na inaisha lini. Kila mtu anaruhusiwa kuangalia.

Pili polisi waje wapime. Bila polisi hakuna ajali kwa upande wa bima. Majeruhi apate PF3 (fomu ya polisi ya matibabu), na hospitali watunze kila karatasi. Polisi watatoa ripoti zao za ajali, na yule dereva akipelekwa mahakamani akakiri au akatiwa hatiani, nakala ya hukumu ni mali. Hiyo ndo inasema nani alikosea.

Tatu usisaini "tumemalizana" siku hiyo. Siku ya ajali mwili una moto, hujui umeumia kiasi gani. Mwache akupeleke hospitali, mshukuru, lakini usisaini.

#15 Kijana wa Kaloleni
Dada umesema kila karatasi, nakazia. Arusha hapa nilifuatilia fidia ya rafiki yangu mpaka ikalipwa, wanalipa, ila mlolongo ni mrefu. Kilichotukwamisha zaidi ni jina. PF3 iliandikwa Jumanne, kitambulisho cha NIDA kina majina matatu na Jumanne ni la katikati, risiti za dawa nusu zimeandikwa "Juma" nusu hazina jina kabisa. Mkadiriaji wa kampuni ya bima anatuuliza huyu Juma ni nani? Ikabidi hati ya kiapo kwa wakili, kurudi hospitali kuomba barua. Tangu siku hiyo nikimpeleka mtu hospitali natoa kitambulisho chake dirishani kabla hata sijasema kinachomuuma.

#16 Chuma ya Mbagala
Hiyo ya Juma imenigusa mimi PF3 yangu imeandikwa jina la kijiweni 😂😂 polisi aliuliza unaitwa nani nikamjibu kama navyoitwa

#17 Kaka Wa Kijiwe
Chuma! Mtoto wa mtu umeandikwa Chuma kwenye karatasi ya serikali?

#18 Chuma ya Mbagala
Bora ingekuwa Chuma. Tuachane na hilo, turudi kwenye mada

#19 Otis Kayole
Jirani zenu kutoka Nairobi. Huku pia third-party ni lazima, sheria yetu ni Cap 405, na kuna kiwango, kampuni hailipi zaidi ya shilingi milioni 3 za Kenya kwa mtu mmoja aliyeumia au kufa. Ikizidi hapo korti inakuja kwako mwenye nduthi (pikipiki). Wenzenu huku wengi wananunua cover ya mwezi mwezi kwa sababu mwaka mzima kulipa mara moja ni noma. Shida yake ni hii, mwezi ukiisha siku ya Jumapili na Jumatatu hujarenew, accident ya Jumatatu asubuhi ni yako pekee yako. Nimeona ikitokea kwa stage yetu.

#20 Ngosha wa Igoma
Karibu Otis. Huku kwetu watu wanalipa mwaka mzima, na kampuni haitakiwi kukupa bima kwa mkopo, hela kwanza. Kwahiyo mzee ukisikia wakala anakwambia lipa nusu stika uchukue nusu utamalizia, kimbia.

#21 Mama Tunu
Samahani bado sijapata jibu langu. Abiria. Mtu kapanda bodaboda yangu kaanguka kavunjika mkono. Bima ndogo inamlipa au hailipi?

#22 Kaka Wa Kijiwe
Inamlipa, abiria si mtu wa tatu jamani

#23 Wakili Mtoro
Taratibu. Navyoisoma Sura ya 169, bima ya lazima haidai kwamba abiria wote wakingwe. Inawahusu abiria pale chombo kinapobeba watu kwa malipo. Ndo maana swali la yule wakala wa tatu wa mzee lilikuwa zito kuliko alivyolichukulia mwenyewe. Pikipiki ikiandikwa BINAFSI halafu ikapata ajali ina abiria wa kulipa, kampuni itasema sisi tulikinga chombo cha kwenda kazini na sokoni, hatukukinga biashara ya kusafirisha watu. Uliokoa shilingi chache kwenye stika, umepoteza bima nzima.

#24 DadaBima
Naunga mkono #23 kwa herufi kubwa. Hili ndo naliona kila wiki. Plate nyeupe, leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri) ya kubeba abiria iko mfukoni, rifleksa ya kijiwe ina namba mgongoni, halafu kwenye bima matumizi yameandikwa "private". Mkadiriaji akifika hahitaji hata kuuliza.

Na hata ikiandikwa biashara, uliza kwa mdomo wako: abiria mmoja amo au hamo? Usikubali jibu la "ndio ndio zote zimo", mwambie akuonyeshe mstari kwenye hati.

#25 Otis Kayole
Kwetu hiyo ya abiria inaandikwa kando kabisa na unailipia. Ukinunua ya private ukabeba customer umekwisha.

#26 Boda_Mwenge
Na mshikaki je? Abiria wawili. Tusijifanye haupo

#27 DadaBima
Sheria ni abiria mmoja. Ukibeba wawili umempa mkadiriaji sababu ya bure. Hivyohivyo dereva asiye na leseni ya daraja la pikipiki, au aliyekunywa.

#28 Wakili Mtoro
Hapo nitatofautiana kidogo na dada. Kwa mali yako mwenyewe na kwa bima kubwa, ndio wanakataa. Lakini kwa mtu wa tatu aliyeumia, kampuni haiwezi kujificha nyuma ya kila kosa la dereva. Sheria imewekwa kumlinda aliyegongwa, sio mwenye chombo. Akishinda kesi kampuni inaweza kulazimika kumlipa yeye, halafu ikageuka kukudai wewe mmiliki ulichovunja. Kwahiyo majeruhi anapona, mwenye kadi ndo anabaki na deni.

#29 DadaBima
Kwa maandishi ni hivyo wakili. Kwa vitendo majeruhi anaandikiwa barua ya kukataliwa kwanza, na wengi wakiipata ile barua wanakata tamaa hawaendi mbele. Mimi naongea kinachotokea mezani.

#30 Wakili Mtoro
Na mimi nasema asikate tamaa. Kuna ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ipo kwa mujibu wa Sheria ya Bima ya 2009, unapeleka lalamiko bila kuwa na wakili. Napoteza wateja kwa kusema hivi lakini ndo ukweli.

#31 Mzee wa Chanika
Shukrani sana. Sasa tuje kwenye kubwa. Nimepigiwa laki mbili na kitu kwa pikipiki moja. Kuna faida au wananiuzia upepo?

#32 Pili wa Tegeta
Mzee mimi nilichukua kubwa kwa sababu nilikopa, taasisi ya mkopo ilinilazimisha. Sikuipenda ila pikipiki ilipoungua moto pale gereji, bima ililipa. Ila elewa, hela ilienda kwanza kwa wanaonidai, mimi nikapewa kilichobaki. Na hawakulipa bei niliyonunulia, walilipa thamani ya siku ile, halafu wakatoa na ule mchango wangu wa lazima (sehemu ya hasara ninayobeba mwenyewe). Kilichonifikia ni kidogo ila deni lilikufa, na kwangu hilo ndo lilikuwa kubwa. Kuna mwenzangu pikipiki yake ilichukuliwa na wezi hana bima, bado analipa rejesho la kitu ambacho hana.

#33 Kaka Wa Kijiwe
Kuna kampuni ukiwaambia tu bodaboda bima kubwa hawakupi. Au wanakupa masharti mpaka utembee na mlinzi

#34 Mama Tunu
Mimi niongee la wizi maana limenikuta. Kijana nilimkabidhi pikipiki asubuhi, jioni hakurudi. Simu imezimwa. Chumba alichopanga kahama. Nikaenda kampuni ya bima nina bima kubwa nimeilipia bila kuchelewa, wakanijibu mama huo sio wizi, umempa mwenyewe kwa hiari, huyo kakosa uaminifu. Nikawauliza sasa wizi ni upi? Wakasema wizi ni mtu asiyehusika avunje au anyang'anye. Nililia pale ofisini mbele za watu.

Kwa mtu wa mkataba na hesabu kama sisi, wizi mkubwa ni huohuo wa kijana kutoroka nayo. Tunakingwa na mwizi ambaye haji na tunaachwa na yule tunayemjua. Hili linaniuma mpaka leo na sitaki limkute mwingine.

#35 Mzee wa Chanika
Pole sana Mama Tunu. Hilo hakuna wakala hata mmoja aliyeniambia.

#36 DadaBima
Pole mama. Na kwa bahati mbaya ndivyo hati nyingi zilivyo, chombo kikichukuliwa na mtu uliyemkabidhi mwenyewe kinaondolewa kwenye kinga. Kuna wanaokubali kuliongeza ukiomba, unalipia zaidi na wanataka kifaa cha kufuatilia kifungwe. Ila lazima uombe KABLA.

#37 TundumaBoda
Kifaa cha kufuatilia ni kizuri ila huku mpakani kijana anavuka Nakonde usiku, asubuhi unaona kidoti kiko Zambia na huna la kufanya 😀 Nikiwa hapohapo, wanaovuka na pikipiki kihalali, bima yako ya Tanzania inaishia kwenye geti. Upande wa pili unatakiwa kadi ya njano, bima ya kuvuka mpaka ya COMESA (soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika). Tanzania sio mwanachama wa COMESA lakini kwenye mpango wa kadi ya njano imo.

#38 Chuma ya Mbagala
Sasa nani anavuka Zambia na Boxer kaka, unapeleka abiria Lusaka?

#39 TundumaBoda
Mizigo mkuu. Wewe endelea na Rangi Tatu kwenda Zakhem usituingilie

#40 Ngosha wa Igoma
Nashangaa hakuna aliyejibu swali la kwanza la mzee mpaka post ya 40. MGUU WA DEREVA. Kijana kaanguka mwenyewe. Ndogo hailipi, hilo tumekubaliana. Kubwa je?

#41 DadaBima
Kubwa kimsingi inalipa chombo. Mwili wa dereva sio sehemu yake mpaka uongeze kipengele cha ajali binafsi, na kiwango chake mara nyingi ni kidogo, kinalipa kifo, ulemavu wa kudumu na matibabu kwa kikomo fulani. Ila sio ghali ukilinganisha na kinachotokea. Mimi ningekuwa na pikipiki mbili, ningeweka hela kwenye ajali binafsi ya vijana kabla ya bima kubwa ya chuma. Chuma kinanunulika.

#42 Kijana wa Kaloleni
Kwanini asiwaingize WCF? Si ni mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, akiumia kazini wanamtibu

#43 Wakili Mtoro
WCF ni kwa mwajiriwa, mwajiri ndo anachangia. Kijana wa mkataba au wa hesabu kwa kawaida hahesabiki kama mwajiriwa wako. Ila kama umemwajiri kwa mshahara, mfano wale wanaosambaza mizigo ya duka, hapo ni wajibu wako kabisa.

#44 Nesi Zaina
Salaam. Nilikuwa nasoma tu lakini #40 imenivuta. Nafanya wodi ya mifupa, sio Dar. Vijana wa bodaboda wanaokuja, wengi hawaulizi bima ya pikipiki, wanauliza "nesi hiki chuma shilingi ngapi". Mfupa wa paja hausubiri hukumu ya mahakama. Hiyo fidia ya bima ya gari mnayoisema ni ya kweli lakini inakuja baadaye, na chuma kinatakiwa wiki hii. Familia inauza shamba, na wapo wanaomtoa kijana wanampeleka kwa mganga wa kuunga mifupa kwa sababu hela imeisha, anarudi kwetu mguu umepinda.

Kwahiyo kwa maoni yangu bima ya kwanza ya dereva wa bodaboda ni BIMA YA AFYA. Mikoani CHF (mfuko wa afya ya jamii) iliyoboreshwa ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu 6. Hiyo hela wengi wanaipata. Mapungufu yake ilikuwa inaishia hospitali ya rufaa ya mkoa, ukipelekwa juu ya hapo ulikuwa unajitegemea. NHIF (mfuko wa taifa wa bima ya afya) wana vifurushi vya mtu binafsi, na tangu ipite sheria ya bima ya afya kwa wote ya 2023 mambo yanabadilika, kwahiyo nenda ofisi zao uulize bei za sasa usitegemee za kuambiwa na mtu.

#45 Mzee wa Chanika
Nesi ubarikiwe, hili la chuma wiki hii sikuwa nimelifikiria kabisa.

#46 Otis Kayole
Nesi amesema ukweli. Huku tuna SHA (mamlaka ya bima ya afya) ilichukua nafasi ya NHIF yetu ya Kenya Oktoba 2024, mtu wa jua kali anatakiwa alipe ya mwaka mzima mara moja. Boda wengi wanasema hiyo pesa ya kulipa mara moja haipo. Halafu ukiumia ndio unaambiwa lipa kwanza arrears.

#47 Kaka Wa Kijiwe
Mnajua sisi bima yetu ni ipi? Kijiwe. Kila mtu elfu moja kwa siku, mtunza hazina yupo, kitabu kipo. Mwenzetu akiumia jioni hiyohiyo hela iko hospitali. Hakuna PF3 hakuna Juma wala Jumanne. Bima za makaratasi acheni tu.

#48 Nesi Zaina
@Kaka Wa Kijiwe nawaona wakija wodini na kitabu chao, nawaheshimu sana. Lakini siku wakiumia wawili kwa pamoja hazina inaisha, na akimgonga mtu mwingine hiyo hela haitoshi hata kuanzia.

#49 Kaka Wa Kijiwe
Hilo la wawili kweli lilitutokea. Tulipitisha mchango vijiwe vya jirani. Bado naona ni haraka kuliko ofisi yoyote.

#50 Ngosha wa Igoma
Kijiwe kwa jioni ya kwanza, afya kwa wodini, ndogo ya biashara kwa uliyemgonga. Mimi ndo ningepanga hivyo, kubwa ingefuata hela ikibaki.

#51 Pili wa Tegeta
@Ngosha kwa mwenye mkopo huo mpango haukubali. Kubwa kwangu haikuwa chaguo na ndo iliyoniokoa. Hali za watu hazifanani.

#52 Mzee wa Chanika
Nimewasoma wote. Kesho nawachukua vijana wote wawili tunaenda pamoja ili na wao wasikie, wasije wakasema mzee hakutuambia. Mtoto wa shemeji hana bima ya afya yoyote, tunaanzia huko. Ya kubwa bado sijaamua, Mama Tunu kanitia mashaka.

#53 DadaBima
Vizuri mzee. Stika ikishatoka usiondoke ofisini, ingia TIRAMIS palepale uweke namba ya pikipiki. Angalia matumizi yameandikwaje, tarehe, na namba ya chesisi ulinganishe na kadi tarakimu kwa tarakimu. Nimeona bima halali kabisa ikaleta kesi kwa sababu 8 iliandikwa 3.

#54 Mama Tunu
Na mkimaliza mkataba ukamkabidhi kijana kadi, mbadilishe jina TRA, na bima pia iandikwe upya kwa jina lake. Bima yako haimfuati.

#55 Sele wa Sinza
Wakuu nimechelewa. Mimi nina pikipiki ya umeme, ile ya kubadilisha betri kituoni. Pikipiki ni yangu, betri ni ya kampuni. Nikichukua bima kubwa, betri ikiungua au ikiibiwa ikiwa kwenye pikipiki yangu, nani analipwa, mimi au wenye betri?

#56 DadaBima
@Sele wa Sinza huwezi kukatia bima mali isiyo yako kwa jina lako kirahisi hivyo, ila mkataba wako na wenye betri unaweza kuwa umekubebesha wewe. Una ule mkataba hapo? Soma kipengele cha upotevu kisha ukiweke hapa, ficha majina.

#57 Chuma ya Mbagala
Na sisi tunaotumia petroli tunasubiri kusoma 😀